Mapaja Mawili Niliyoyazika

Asubuhi niliyoondoka nyumbani kwetu Handeni sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimetumwa na mama kuchota maji. Njiani nikakutana na ng'ombe kama ishirini wanaswagwa kwenda mnadani Korogwe, nyuma yao wachungaji wawili wa Kimasai wanatembea kama watu wasiojua kuchoka. Nikawauliza, "Hawa wanakwenda kufanyiwa nini?" Mmoja akanijibu, "Kuliwa." Nikataka kuona. Ndoo niliiacha kwa jirani, nikawafuata.

Nilikuwa na umri wa kuoa tayari, kwa hiyo msinihurumie. Shule niliiacha darasa la nne, kwa sababu mwalimu alichoka na maswali yangu nami nilichoka na fimbo yake. Tangu hapo nilikuwa nimekata mkonge, nimefyatua matofali, nimepakia magunia, na kote huko nilikuwa naondoka siku nikishaelewa kazi inavyokwenda. Kazi moja tu ilinishika miaka mingi, nayo ni ya nyama, kwa sababu mpaka nastaafu nilikuwa sijamaliza kuielewa.

Tulitembea siku mbili. Mnadani ng'ombe mmoja alinunuliwa na mzee mfupi, mnene kidogo, mwenye goti bovu. Jina lake Mzee Mhando, mwenye bucha pale Manundu, hapo hapo Korogwe. Ng'ombe alimponyoka akatoka mbio kidogo, nami nikamshika kamba. Akanitazama. "Wewe ni mchungaji?" Nikasema hapana. "Ni mnunuzi?" Hapana. "Basi unafanya nini mnadani?" Nikasema natazama. Akacheka mpaka akashika goti. "Njoo utazame na bucha."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Ninyi siku hizi mnaandika barua.

Sasa, wajukuu zangu, mmekuwa mkinipigia simu. Mmoja anauliza, "Babu, nyama imelala mezani tangu asubuhi, bado nzuri?" Mwingine anauliza kama ndimu inaondoa harufu. Naandika haya ili mniache nilale mchana. Lakini siwezi kuwaeleza nyama bila kuwaeleza aibu yangu, maana vitu viwili hivyo nilijifunza siku moja.

Mzee Mhando alikuwa hafundishi kwa maneno mengi. Siku ya kwanza alinipa vipande viwili vya nyama na kuniambia nichague kibovu. Niliangalia nzi. Kipande kimoja kilikuwa na nzi wengi, nikakionyesha. Akasema, "Nzi anapenda nzuri na mbovu. Nzi hana akili, kama wewe." Akanivuta mkono, akakibonyeza kidole changu kwenye kipande cha kwanza. Nyama ilibonyea kisha ikarudi. Kwenye cha pili shimo la kidole lilibaki pale pale, na kidole kikatoka na utelezi, kama nimeshika bamia. "Hicho," akasema. "Ukiona inateleza, usiulize tena."

Rangi nayo inadanganya. Nyama ya ng'ombe ikikaa hewani inakuwa nyeusi kidogo kwa juu, kama damu iliyokauka, na haina ubaya. Ikianza kuwa na kijani, au kung'aa kama mafuta ya taa juu ya maji, hapo ni shauri jingine. Mafuta yake yakigeuka na kunuka kama mshumaa wa zamani, pia acha. Na pua yako itunze. Mzee Mhando alikuwa haruhusu mtu kuvuta sigara kabla ya kunusa, wala kunusa nyama kumi mfululizo, kwa sababu pua inachoka na kuanza kukubali kila kitu. Alikuwa akitutuma nje kwanza, tukapige chafya huko, turudi.

Lakini silaha yake kubwa ilikuwa spoki ya baiskeli. Aliinoa ncha, akaifunga kitambaa upande wa kushikia, na kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha la bucha aliichoma ndani ya paja mpaka iguse mfupa wa nyonga, akaivuta polepole na kuipitisha chini ya pua. "Watu wote wananusa nje," aliniambia. "Nyama ya paja inaanza kuharibika ndani, kwenye mfupa, kwa sababu huko ndiko joto la ng'ombe linakobaki. Nje inaweza kuwa bibi harusi, ndani ni maiti." Alinipa spoki yangu mwaka wa pili. Nilifurahi kuliko siku niliyonunua viatu.

Sheria yake nyingine ilikuwa fupi: nyama ilale uchi. Ng'ombe akishachinjwa, mapande yake yatundikwe kwenye kulabu, yasigusane, yapigwe upepo kivulini mpaka joto lote litoke. Usiyaoshe, maana maji yanakaribisha uozo. Usiyarundike. Usiyafunike yangali na joto. Mimi sheria hiyo niliijua kama ninavyolijua jina langu, na ndiyo niliyoivunja.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Handeni kilikuwa kimegombana na mzee wa Kimasai aliyeitwa Lekishon. Ng'ombe wake walikuwa wameingia kwenye shamba la pamoja la mahindi na kulimaliza kona nzima, mahindi yakiwa yanaanza kubeba. Vijana wa kijiji walitoka na mapanga, vijana wa Lekishon wakatoka na fimbo na mikuki, na ilibaki kidogo tu. Wazee wa pande zote mbili waliketi siku tatu. Wakaafikiana hivi: Lekishon atoe fahali mzuri, achinjwe na mwalimu wa madrasa ili Wazigua waweze kumla, na pande zote wale nyama ya ng'ombe mmoja, mahali pamoja, mbele ya katibu tarafa. Wakishakula, maneno yamekwisha na njia ya kwenda mtoni inafunguliwa kwa mifugo. Wasipokula pamoja, maneno yapo pale pale. Na kiangazi kilikuwa kinaingia. Bila njia ile, ng'ombe wa Lekishon wangekufa kwa kiu.

Mwenyekiti wa kijiji alituma mtu Manundu kuomba mtaalamu wa kuchuna na kugawa, kwa sababu fahali alikuwa mkubwa na watu walikuwa wengi. Goti la Mzee Mhando lilikuwa limevimba. Akanitazama, akasema, "Nenda wewe. Watakaokuona wewe wananiona mimi." Nikapanda lori la mkonge, kisha nikatembea, nikiwa na visu vyangu na spoki mfukoni. Sijawahi kutembea kwa maringo namna ile.

Fahali alikuwa mwekundu, mwenye nundu kama gunia. Nilimkagua mdomo, macho, miguu, nikamwona anavyotembea. Mzima kabisa. Akachinjwa saa tisa alasiri, nikamchuna bila kutoboa ngozi hata mahali pamoja, na watu wakasimama kunitazama. Kazi ikiwa karibu kwisha, akaja mtu na baiskeli anahema. Gari la katibu tarafa limekwama mtoni, atafika kesho asubuhi. Mwenyekiti akashika kiuno. "Bila yeye hatuli. Bucha, nyama italala salama?"

"Kwangu mimi, Mwenyekiti, italala kama mtoto," nikasema.

Mambo ya kulala kama mtoto yaliniponza. Niliogopa nzi, niliogopa mbwa, niliogopa vumbi la ng'ombe wa Lekishon waliokuwa wanapita. Kubwa zaidi, nilitaka watu waone mtu wa mjini anavyofanya kazi. Niliyachukua mapaja mawili, ile nyama ya heshima yenyewe, yangali na joto. Nikayafunga majani ya migomba, nikazungushia magunia yaliyoloweshwa, nikayalaza moja juu ya jingine kwenye chanja ndani ya ghala la kijiji, na kufunga mlango. Mikono, yaani miguu ya mbele, na mbavu havikupata nafasi. Nikavitundika nje chini ya upenu kwa shingo upande, nikamweka mgambo avilinde.

Mke wa Lekishon, tuliyemwita Mama Nashipai, alikuwa amekaa pembeni na wenzake. Walikuwa wamepewa nyama ya mgongo na mafuta. Walikuwa wanakata vipande vidogo kama punje za mahindi, wanavikaanga mpaka maji yote yanakauka, kisha wanavizamisha kwenye mafuta ndani ya kibuyu. Alinitazama nikifunga magunia yangu.

"Wewe bucha," akaniita, "hiyo nyama ina homa?"

"Hapana, mama."

"Mbona unaifunika blanketi?"

Wanawake wakacheka. Nikamjibu, na mpaka leo nikikumbuka uso unanichoma: "Mama, mimi natoka bucha ya Korogwe. Nyama ndiyo kazi yangu."

"Haya," akasema. "Mimi natoka kwa ng'ombe tu."

Asubuhi nilifungua ghala mbele ya mwenyekiti. Nikafunua magunia. Nyama nyekundu, inang'aa, majani yameacha michirizi mizuri juu yake. Nje ilinukia majani mabichi. Mwenyekiti akapiga makofi. Katibu tarafa alikuwa ameshafika, anakunywa chai. Masufuria yalikuwa jikoni. Wazigua wamekaa upande mmoja, Wamasai upande mwingine, katikati pamebaki uwanja mtupu ambao hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuvuka.

Nilitoa spoki kwa mazoea tu. Nikaichoma mpaka mfupani, nikaivuta, nikaipitisha puani.

Sitawaeleza harufu ile. Mkishaipata mara moja hamtahitaji kuelezwa. Nikatoka nje, nikavuta hewa, nikarudi, nikachoma paja la pili. Harufu ile ile.

Nilisimama pale nikiwa na mawazo mawili, na nitawaambia yote mawili. La kwanza lilisema: katakata, tia chumvi na pilipili na tangawizi, chemsha kwa saa tatu, nani atajua? Lakini Mzee Mhando alishanieleza kwamba moto unaua wadudu, ila sumu waliyokwisha kuiacha ndani ya nyama hauiondoi yote. Nikawaona watoto wa kijiji wakitapika usiku, na Wazigua wakisema Wamasai wametulisha sumu. La pili lilisema: sema imeharibika, lakini usiseme kwa nini. Hilo lilikuwa tamu zaidi. Nilikuwa bado nalitafuna pale mtu mmoja wa kamati ya kijiji, jina lake Sekiboko, alipoingia, akanusa spoki mkononi mwangu, na kutoka nje anapiga kelele.

"Imeoza! Nilisema mimi! Mzee ametuletea ng'ombe mgonjwa!"

Uwanja mzima ukasimama. Vijana wa Lekishon waliokuwa wamekaa wakaokota fimbo zao. Mzee Lekishon mwenyewe alisimama, ameshika fimbo kwa mikono miwili, ananitazama mimi. Hakumtazama Sekiboko. Alijua kama ninavyojua mimi kwamba fahali wake alikuwa mzima, na alijua pia kwamba hakuna atakayemwamini. Ningenyamaza tu, ingetosha. Bucha ya Mzee Mhando ingebaki na jina lake, nami ningepanda lori nirudi.

"Ng'ombe alikuwa mzima," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Nikarudia. "Ng'ombe alikuwa mzima! Aliyeharibu nyama ni mimi. Niliifunga ikiwa na moto."

"Anamtetea!" akasema Sekiboko. "Amepewa nini huyu?"

Hapo ndipo akili ilinirudia. Nikaenda upenuni, nikateremsha mkono mmoja wa yule yule ng'ombe, ule niliouacha nje kwa kukosa nafasi. Nikaifuta spoki kwa maji ya moto na chumvi, nikaichoma mpaka mfupani, nikamletea Sekiboko. "Nusa."

Akanusa. Akanusa tena.

"Hii ni safi," akasema, kama mtu anayelazimishwa.

"Ng'ombe mgonjwa haugui mapaja tu, mzee wangu. Huu ulilala uchi kwenye upepo. Yale niliyavisha magunia."

Basi kila mtu akataka kunusa. Mkitaka kuona jambo la kuchekesha, waoneni wazee wa kijiji, katibu tarafa na Wamasai wamejipanga mstari mmoja kunusa spoki ya baiskeli. Kila mmoja ananusa ya mapaja, anakunja uso, anakwenda kutembea kidogo, anarudi kunusa ya mkono. Bibi mmoja wa Kizigua mwenye ugoro puani alinusa zote mbili akasema zote tamu, tuache kupoteza muda. Wamasai wakacheka, Wazigua wakacheka. Nikaangalia, nikaona ule uwanja wa katikati umejaa watu.

Mwenyekiti alikuja akanivuta pembeni. "Umetuharibia nusu ya nyama."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Tuna watu wote hawa."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Chukua jembe."

Niliyazika mapaja mwenyewe, shimo la kufika kifuani, na majivu juu ili mbwa wasifukue. Nilichimba watu wote wakinitazama, na safari hii hakuna aliyekuwa anasifu. Nilipomaliza, mikono na mbavu vilikuwa vinachemka, ugali unasongwa. Wanawake wa kijiji walikuwa wamekwishafahamu kwamba nyama haitatosha, na mke wa mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyevuka uwanja kwenda kwa Mama Nashipai kumwomba. Mama Nashipai akafungua vibuyu vyake. Nyama ile ya kukaangwa na kuzamishwa kwenye mafuta ilikuwa nzuri kama alivyoiacha jana, nayo ndiyo iliyojaliza sahani. Kwa hiyo watu walikula ng'ombe mmoja, mahali pamoja, kama walivyoafikiana. Katibu tarafa alipata mbavu mbili ndogo na hakulalamika.

Mimi nilikaa mbali, karibu na shimo langu. Mzee Lekishon akanitumia kijana kuniita. Nikaenda, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, akanisogezea kipande cha mkono chenye mfupa. "Kula," akasema. "Leo ulikuwa na njia rahisi ya kupita, ukapita kwingine." Mama Nashipai alinipa kibuyu kidogo cha kubeba njiani. "Hiki unaweza kukifunika," akasema. "Hakina homa."

Nilirudi Manundu nimejiandaa kufukuzwa. Mzee Mhando alisikiliza yote, goti lake kwenye kigoda. Akauliza swali moja tu. "Spoki uliichoma kabla watu hawajala, au baada?"

"Kabla."

"Basi kanawe, wateja wanangoja." Lakini kwa muda mrefu baada ya hapo, kila nikichelewa kutundika pande la nyama, alikuwa akiniuliza kama alitafutie blanketi.

Ndiyo maana, wajukuu zangu, nawasumbua. Friji zenu ni upepo wa kununua, lakini sheria ni ile ile. Nyama kilo kumi ukiisukumia kwenye friji imerundikana ndani ya mfuko mmoja, katikati inabaki na joto kama mapaja yangu. Igawe vipande vidogo, bapa, vipate baridi upesi. Iweke chini kabisa, isije ikadondoshea maji yake kwenye matunda. Ukitaka kuiyeyusha, ihamishe kwenye friji tangu jana yake, usiiache mezani ukaenda kazini. Umeme ukikatika, usifungue fungue mlango kuangalia kama bado ina baridi, wewe ndiye unayeitoa hiyo baridi. Maini na nyama ya kusaga havisubiri, pika siku hiyo hiyo. Kama huna friji, pika siku hiyo, au kata nyembamba kama kidole, tia chumvi, anika juani penye upepo mpaka ikatike kama kijiti, au fanya kama Mama Nashipai. Ndimu haiondoi kitu, inaficha tu. Na iko nyama mbaya isiyonuka kabisa, kwa hiyo usiamini pua peke yake, hesabu na saa. Iliyokaa kwenye joto tangu asubuhi mpaka jioni, hata ikinukia waridi, zika.

Kwa Mzee Mhando nilikaa mpaka goti likamshinda akawaachia wanawe bucha. Asubuhi moja baada ya hapo niliamka, nikaona nimeshajua kila ufa wa ukuta wa Manundu. Nikachukua visu na spoki, nikaenda stendi, nikapanda gari la kwanza lililokuwa na nafasi. Liliniteremsha Kerenge. Sikuwa nimewahi kufika, sikuwa na mtu, na mvua ilikuwa inaanza. Nikauliza chumba nyumba ya kwanza, ya pili, nikakosa. Ya tatu alitoka mama mtu mzima mwenye unga mikononi.

"Unatoka wapi?"

"Manundu, mama. Nilikuwa bucha ya Mzee Mhando."

Akanitazama vizuri. "Wewe si yule aliyezika mapaja ya watu kule Handeni?"

Nikajua hapa napo pamefungwa. Aibu ilikuwa imepanda gari kabla yangu. "Ndiye mimi, mama."

"Aliyesema mwenyewe?"

"Nilisema mwenyewe."

Akafuta mikono kwenye kanga. "Chumba cha nyuma kina kitanda na dirisha. Kinavuja kidogo pembeni, utasogeza kitanda." Akanitangulia ndani. Kwenye ukumbi niliona paja la mbuzi limetundikwa kwenye kamba karibu na mlango wa nyuma, halijafunikwa kitu, linapigwa upepo wa mvua. Nikasimama kulitazama.

"Unangoja nini?" akaniuliza. "Toa hiyo spoki yako, nijue kama tutakula."